Ng'ombe wa Kasokola Tuliyemchinjia Wadau

Mpendwa Mama Klementina, naomba msaada wako, na naomba pia usinitaje jina, maana Mpanda ni mji mdogo na hiki nilichokifanya naona haya hata kukiandika. Mimi ni kijana wa kiume, nimeajiriwa kwenye kampasi ya chuo kikuu kimoja hapa Mpanda, kitengo cha mahusiano, na kazi yangu ni kukiunganisha chuo na makampuni upande mmoja na vijiji upande mwingine, yaani kampuni ikitaka wanafunzi wetu wa kilimo wakafanye mazoezi kwao inapita kwangu, na chuo kikitaka kitu kijijini kinanituma mimi, na ofisini wote wanasema hiyo ya vijijini ninaiweza sana, ila hakuna anayejua kwa nini. Ninaiweza kwa sababu ni nyumbani. Nimezaliwa Kasokola, kijiji cha hapa jirani, wazazi wangu walitoka Burundi wakiwa wadogo, uraia tunao siku nyingi, lakini siku ya kwanza kazini nilipoulizwa kabila nilisema mimi ni Muha wa Kasulu, na tangu hapo nimebaki Muha, mama akinipigia simu natoka nje ndiyo naongea naye.

Mwaka jana kabla ya mvua chuo kilitaka bonde la mpunga kwa ajili ya mashamba ya mafunzo, nikampeleka bosi wangu, mama msomi ambaye hapa nitamwita Dokta Rahel, akaongee na wazee wa kwetu. Mama Klementina, kabla hatujafika niliwapigia wale wazee nikawaomba wasinisalimie kwa Kirundi mbele ya wageni, nikasema ni utaratibu wa ofisi, na wao kwa heshima yao wakakubali, wakanipa mkono kama mtu wasiyemjua. Bonde walitupa tulitumie, na juu ya hapo mzee mmoja ambaye nitamwita Mzee Ladislas, rafiki wa marehemu baba yangu na ndiye aliyesimama mahali pa baba siku dada yangu anaolewa, akatoa mtamba kwenye zizi lake, mwekundu, ana mimba changa, akamkabidhi Dokta Rahel kamba mbele ya watu wote, akasema, "Kuanzia leo nyie siyo wageni tena. Mmekuwa watu wetu." Dokta akashukuru, tukapiga picha, ng'ombe akaja chuoni akafungwa nyuma ya stoo, na pale chuoni wakamwita mchango wa jamii.

Lakini kwetu ng'ombe wa namna hiyo hachangwi. Mtu akikupa ng'ombe amekufanya ndugu, nawe unapanga siku unakwenda kwake na pombe na watu wako kumshukuru, sisi tunaita gukura ubwatsi, na ng'ombe akizaa unamrudishia aliyekupa ndama, na hivyo mnaendelea kutembeleana mpaka watoto wenu. Haya yote nayajua tangu utotoni, na ofisini sikumwambia mtu hata mmoja.

Basi ikaja Siku ya Wadau. Makampuni yangekuja kusaini mikataba ya kuwachukua wanafunzi wetu, kubwa zaidi ni kampuni moja inayokoboa mpunga, na kwenye kikao cha chakula mtu mmoja akasema, "Si tuna ng'ombe wetu pale nyuma?" na mwingine akacheka akasema Warundi wa Kasokola na ng'ombe wao utadhani wamezaliwa tumbo moja, watu wakacheka, nami nikacheka, Mama, nilicheka kweli. Dokta Rahel hakucheka. Alinigeukia akaniuliza, "Wewe ndiye unayewajua wale watu. Kuna shida yoyote tukimtumia?" Nikaona nikianza kueleza nitaulizwa nimeyajulia wapi, nikasema, "Hapana Dokta, hakuna shida."

Akachinjwa. Wadau wakala, wakasifu, wakasaini. Wazee wa Kasokola hawakualikwa kwa sababu kadi zilikuwa za makampuni, na nyama ilipobaki wafanyakazi tukafungiwa kila mtu na ya kwake, nikaona aibu kukataa maana wangeuliza kwa nini, nikaipeleka kwa mama. Sikumwambia ni nyama gani. Mama alifurahi sana kwamba chuo kimemkumbuka mjane, akapika, na kwa vile yeye hawezi kula kitu kizuri peke yake akafunika bakuli akalipeleka kwa jirani. Jirani yake ni Mzee Ladislas.

Aliila, Mama Klementina. Na Jumapili iliyofuata akanisimamisha nje ya kanisa akanishika bega akasema, "Nyama ilikuwa nzuri, washukuru wakubwa zako. Na yule wetu anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri. Sasa wiki chache zilizopita akanipigia, "Mwanangu, kwa hesabu yangu ameshazaa. Dume au jike?" na mimi, sijui ni shetani gani, nikasema jike. Nilisikia kwenye simu anawaambia watu wa nyumbani na watu wanashangilia, na baadaye mama akanieleza kwamba wajukuu wa mzee wameshampa ndama jina, wamemwita Digrii. Mzee anasema wakimaliza kuvuna mpunga watakuja chuoni na wazee wenzake kumwona. Kwamba hatujaenda kumshukuru mpaka leo hakulaumu, anasema, "Watu wa chuo mna kazi nyingi, ndiyo maana nakuja mwenyewe."

Sasa yupo rafiki yangu Maximilian wa ile kampuni ya mpunga, yeye pekee nilimwambia, akacheka sana, akasema kuna mtu wao anafuga, ana ng'ombe mwekundu mwenye ndama jike, tutawaazima siku hiyo tuwafunge nyuma ya stoo, wazee waangalie, wanywe soda, waondoke. Anasema kampuni haitaki kusikia mgogoro wa bonde sasa hivi, nikiharibu na wao watasita na wanafunzi watakosa pa kwenda. Usingizi sina. Mzee akijua bonde litaondoka, mama yangu atamtazamaje jirani yake, na ofisini watajua mimi ni nani. Nikubali huyo ng'ombe wa Maximilian au niache kazi nihame tu? Nisaidie, maana hata kanisani sasa napitia mlango wa nyuma.

Mwenye aibu, Mpanda

MAMA KLEMENTINA ANAJIBU

Mwanangu mwenye aibu, hiyo aibu yako nimeisoma mara mbili na nimeona inakustahili, kwa hiyo sitakuondolea. Nakuhurumia, lakini kaa chini kwanza nikuseme.

Umemzalisha ng'ombe aliyekwisha kuliwa, na sasa unataka kuazima ng'ombe wengine, mama na mtoto. Huyo Maximilian akacheke kwao. Mfugaji akimfuga ng'ombe tangu ndama anamjua kwa pembe, kwa kwato, kwa jinsi anavyogeuka akiitwa, na Mzee Ladislas hatafika hata karibu na hiyo stoo yenu kabla hajaelewa. Na hata kama asingeelewa! Ungemsimamisha mzee wa watu, aliyeshika mahali pa baba yako, ampapase ndama wa mtu mwingine na kumwita Digrii, nawe umesimama pembeni unatabasamu? Soma tena barua yako uone ulikofika. Ng'ombe huyo simtaki kumsikia.

Kuhama nako sikutaki. Ukihama, mzee atakuja vilevile, na atakayemjibu nyuma ya stoo atakuwa mlinzi.

Nitakisema na chuo chako, maana najua gazeti hili wanalisoma. Nyie watu wa chuo, kampuni ikiwapa mkono mnaita kikao, mnaandaa chakula, mnapanga lini mtaonana tena. Kijiji kikiwapa bonde na mtamba mnaita mchango, mnapiga picha, basi. Mvua zimeanza na kuisha, hakuna aliyerudi Kasokola hata kusema ahsante. Kwa ndugu mmoja mmechukua, kwa ndugu mwingine mmekwenda kujipendekeza, halafu mna ofisi nzima yenye jina la mahusiano. Mimi nimezaliwa Karema, sina ng'ombe na mila za ng'ombe sizijui, lakini najua mtu akikupa kitu kizuri unarudi kwake. Hilo halihitaji Mrundi wa kulieleza.

Ila wewe usijifiche nyuma ya chuo, tafadhali. Bosi wako aliuliza. Hebu rudi hapo tena, mwanangu, yule mama aliuliza vizuri kabisa, na katika chumba kile mtu mmoja tu alikuwa na jibu, akalimeza kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Naelewa kwa nini. Najua yale maneno watu wanayowarushia watoto wa Kasokola, najua uraia wa karatasi na uraia wa midomo ya watu ni vitu viwili, na aliyesema ule utani kwenye kikao aone haya popote alipo. Lakini uliogopa kuchekwa dakika moja, na kwa ajili hiyo mama yako amebeba bakuli mwenyewe, kwa mikono yake, kwa moyo wake wote, akampelekea mzee ng'ombe wake mwenyewe. Hapo nililia, nakuambia ukweli.

Sasa fanya hivi, na ufanye kabla hawajamaliza kuvuna.

Anza kwa mama yako. Nenda leo, mwambie yote mpaka hiyo nyama, kwa sababu akiyasikia kwa mwingine kisimani hatainua kichwa tena. Atakufokea, pengine hatakula siku hiyo. Vumilia, ni haki yake. Na usimtume aende kukuombea msamaha, bakuli moja limetosha.

Kesho yake ingia kwa Dokta Rahel ufunge mlango. Mwambie ng'ombe yule alikuwa nini, na mwambie umejuaje. Usiseme "nimesikia kuna mila", sema "kwetu". Kama ni mtu ninayemdhania, yule asiyecheka wenzake wakicheka, atashtuka, atakasirika, kisha atatafuta viatu vyake vya kwenda shamba. Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa kwa jina lako. Na kampuni nayo aiambie yeye mwenyewe, mapema. Kampuni ikikimbia kwa sababu chuo kimekwenda kuomba radhi kijijini, wanafunzi hawajapoteza kitu hapo.

Halafu mwende nyie kwake, asije yeye kwenu. Dokta aende mwenyewe, asitume msaidizi. Chukueni ile pombe ya kumshukuru ambayo ilitakiwa iende zamani, mama yako atakuambia ni ya namna gani na nani aibebe. Imechelewa, ndiyo, ipelekeni hivyohivyo. Msiende na bahasha, wala mpiga picha, wala fulana za chuo. Na ng'ombe mwingine msimfunge kamba kumpeleka siku hiyo mkadhani mmemaliza. Kama wazee watataka mlipe, na kwa namna gani, watasema wao, na mtalipa bila kubishana. Wakitaka bonde lao, vuneni kilichopo, safisheni mitaro, rudisheni. Wanafunzi na wawepo, waone. Hilo nalo ni somo la kilimo.

Mzee anaweza kusimama akaingia ndani akakuacha umekaa hapo uani. Kaa. Usiseme "chuo hakikujua", sema "mimi nilijua".

Na jiandae kwa jambo moja, kwa sababu hujalisema kwenye barua na nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Mtakapofika, kabla hamjakaa, wale wajukuu watakuja mbio wakuulize Digrii hajambo, na mzee atakuwa amesimama anasubiri asikie unasemaje. Wewe ndiye utakayewajibu. Usimwangalie bosi wako, wala usitafute maneno ya ofisini. Wajibu kwa Kirundi, hapohapo mlangoni, na Dokta Rahel awe anakusikia.