Wakili wa Harambee

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla kichwa hakijapasuka,

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, tunalima mpunga na ndizi kando ya mto, si mbali na Ngao, na nimeitwa chuo kikuu kusomea shahada ya uhalifu na haki ya jinai, yaani kwa nini watu huiba na serikali iwafanye nini wakishikwa, na somo lenyewe nalipenda, hapo ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu ningekuwa silipendi ningekataa nikalale. Karo ni laki moja na elfu sitini kwa mwaka, serikali itatoa nusu, mkopo elfu arobaini na nane, nyumbani elfu thelathini na mbili, halafu kuna mkopo mwingine wa kula na kulala elfu arobaini kila mwaka, kwa hiyo nikimaliza miaka minne nitadaiwa laki tatu na elfu hamsini na mbili kabla ya riba, na Beryl, mtoto wa mama mkubwa, aliyesoma kozi hii hii, ni msimamizi wa walinzi kwenye hoteli moja Malindi, analipwa elfu kumi na nane kwa mwezi, bodi ya mikopo inachukua tano, nyumba nne na nusu, na anasema kuna askari polisi anayepita hapo getini, aliishia kidato cha nne, na anamshinda mshahara, lakini huyo huyo Beryl ananiambia, "Usithubutu kuacha kusoma," sasa nishike lipi?

Mama hana hiyo elfu thelathini na mbili, kwa hiyo kanisa likafanya harambee, na mchungaji akasimama akasema, "Kijiji kimepata wakili!" nikanyanyuka nimweleze kwamba hii si sheria, na alama za sheria hata sikupata, mama akanivuta sketi, "Kaa chini wewe, kwani jela na mahakama si ukuta mmoja?" nikakaa, zikapatikana elfu sitini na moja na mia nne na beberu mmoja, na Mzee Mwaro jirani yetu akanunua yai moja la kuku wetu kwenye mnada kwa elfu mbili, likampasukia mkononi kwa kucheka. Tangu siku hiyo ananiita wakili hata nikiwa na ndoo kichwani, na ameniletea karatasi zake nimwekee, maana kuna mtu amemshtaki anadai ekari zake tatu, karatasi zinasema ajibu mahakamani Garsen ndani ya siku kumi na tano na leo ni ya tisa, na wale watu wa msaada wa kisheria wa bure walipompitia aliwaambia, "Asanteni wanangu, mimi wakili wangu anasoma," na mimi sijapanda hata gari la kwenda chuo. Nikienda nitadaiwa mkopo, nisipoenda nitadaiwa harambee, nikisema ukweli mama ataaibika, sasa mshauri, shahada hii inalipa au hailipi?

Loise

*

Loise,

Chuo kikuu mimi nimekijua kwa kupita nje ya ua, lakini kusoma barua nimejifunza. Jambo zito mtu hulificha katikati ya sentensi ndefu. Mkopo umeuhesabu hadi elfu ya mwisho. Tarehe ya Mzee Mwaro umeipitisha mbio, baada ya ndoo na kabla ya shukrani zake. Ulipoandika ilikuwa siku ya tisa. Barua imenifikia leo, siku ya kumi na moja, ndiyo maana nimeirukisha foleni naisoma hewani hapa redioni. Majina nimebadilisha, ingawa najua kwenu watakuwa wameshajua kabla sijafika tangazo la mbegu.

Chuo kinaweza kukungoja. Mahakama haimngoji Mwaro, na asipojibu kesi inaweza kuendelea bila yeye. Kesho asubuhi chukua karatasi zake zote, nenda kwake kabla hajatoka kwenda shambani, umwambie: "Baba, mimi si wakili, wala kozi hii haitanifanya wakili. Twende Garsen kwa wale watu wa bure." Atakasirika. Mwache akasirike mkiwa njiani. Nauli toa kwenye zile elfu mbili za yai, ni zake.

Sasa shahada. Si mbaya. Kuna wanaoisoma wakawa maafisa wa probesheni wanaosimamia vifungo vya nje, wa magereza, wa watoto, na wanafaa sana. Ila nafasi ni chache na wanaozingoja ni wengi, na mikopo haingoji pamoja nao. Beryl anabaki na elfu nane na mia tano za kula, kuvaa na kusaidia nyumbani, na bado anakwambia usome. Hakudanganyi. Anakupa kweli zote mbili kwa sababu anaishi nazo. Lakini swali hukumuuliza sawasawa. Mpigie umuulize: "Ungeanza upya leo, ungekopa kiasi gani?" Halafu nyamaza usikilize.

Kama unachotaka ni kuvaa sare, uandikishaji wa polisi hauulizi shahada. Funga kamba za viatu ukakimbie na wenzako, ukishaanza kulipwa utasoma jioni kwa pesa yako. Kama unachotaka ni hili somo lenyewe, usikimbilie mwaka huu. Andikia chuo barua uombe kuahirisha mwaka mmoja, na barua hiyo iende kabla ya siku ya kuripoti. Katika mwaka huo lima mpunga wako, na waombe wale wa msaada wa kisheria wakupokee ujitolee siku mbili kwa wiki. Ukae na akina Mwaro kumi, usikie kesi zao. Ikifika mwezi wa nane mwakani na bado unalipenda somo, nenda, ukope karo tu. Mkopo wa kula na kulala uuache, tafuta kazi ya jioni hapo chuoni. Deni litakuwa laki moja na elfu tisini na mbili badala ya laki tatu na nusu. Ukiwa na kazi kama ya Beryl, la kwanza utalimaliza kwa miaka kama minne. La pili litakufuata karibu miaka saba.

Usinijibu kwamba elfu arobaini ni kidogo. Ni kidogo siku unapopewa.

Kuhusu mama yako. Simlaumu, mama akiona mlango umefunguka hamuulizi fundi ni mlango wa chumba gani. Lakini alikuvuta sketi mara moja tu. Jumapili zilizofuata ulikaa mwenyewe.

Kwa hiyo Jumapili hii simama kabla ya sadaka, si baada, watu wasije wakasema ulingoja watoe tena. Sema kozi ni ipi, inachukua miaka mingapi, inalipa nini, na kwamba huendi mwaka huu. Usilie, na usimtaje mchungaji. Uwe na daftari la harambee mkononi na zile pesa zote. Atakayetaka chake mpe hapo hapo bila kujitetea, hata beberu akirudi kwao. Kitakachobaki baada ya kusema ukweli ndicho chako. Hicho ndicho ukipime na karo.

Bi Asenath