Alama ya Mkanda

Mama,

Nakuandikia nikiwa shuleni Theta, chini ya mabati mliyopigilia wewe na wanawake wa kikundi chenu. Bado hayavuji. Ila mvua ikinyesha wanafunzi hawanisikii, basi nanyamaza na kukulaumu kidogo, halafu nalia kidogo.

Muhula huu nafundisha darasa la saba kuhusu wanawake waliobadilisha historia. Tunao malkia waliokataa kuwapigia wakoloni magoti, na daktari mmoja wa ng'ambo. Tuliamua kuwachora ukutani kwa ajili ya sherehe ya siku ya wanawake. Nikasema nafasi ya katikati ni ya mama yangu, aliyekusanya wachuma kahawa wa Ruiru, wakabeba mchanga mgongoni kutoka mtoni na kujenga shule hii wanaume wakiwa bado wanafanya mkutano. Wasichana walipiga makofi. Mwalimu wa sanaa akaniambia, "Madam, wewe leta picha tu."

Picha gani, Mama? Kaka Kamau alipoenda kuchukua kibali cha kukuzika alirudisha kitambulisho chako kwa chifu, kama sheria inavyotaka. Hiyo ndiyo ilikuwa picha yako pekee, na hakuna aliyekumbuka hadi tulipotafuta ya kuweka juu ya jeneza. Ndugu yangu amerudi kwa chifu, akatumwa Thika, na huko wakamwambia vitambulisho vya marehemu vinaharibiwa. Simlaumu. Lakini inaniuma, inaniuma sana.

Nakumbuka Krismasi, mpiga picha akija shambani, wewe unajificha nyuma ya magunia. "Piga hao wasichana. Mimi na hili bonde kwa kichwa nitaharibia mtu firimu ya kamera!" Bonde lenyewe ni ile alama ya mkanda wa ngozi uliokuwa ukiupitisha kichwani kubebea mgongoni, iliyochimbwa kwenye paji la uso wako na mizigo ya miaka yote. Uliifunika kwa kitambaa hata mbele ya dada zako. Mimi nilikuwa naipapasa ukisinzia. Laiti ungejua nilivyoipenda.

Basi jana nilitoa mkanda wako pale jikoni ulipouning'iniza, nikaufunga kwenye gunia la mchanga, nikaupitisha kichwani na kusimama mbele ya mwalimu wa sanaa. Shingo ilitaka kukatika. Kusimama tu, Mama, na wewe ulikuwa unapanda nao mlima ukiimba! Nilipouvua, alama ilikuwa imetokea. Akaichora haraka haraka.

Watu husema tunafanana. Uso ulioko ukutani ni wangu, lakini chini yake tumeandika jina lako lote.

Pumzika sasa, Mama. Kila darasa nitakalofundisha litaanza na wewe, malkia watasubiri. Alama yangu ilifutika kabla ya chai ya saa nne. Yako iliyo ukutani, maadamu niko hapa, hakuna atakayeipaka rangi juu.

Binti yako,
Wambui