Moshi wa Babu na Gesi ya Jenereta

Bhoke mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Issenye ng'ombe mwekundu amezaa mapacha, na babu yako anatamba utafikiri amezaa yeye.

Umeuliza mfunge gesi ya kuzimia moto inayojaa chumba chote cha jenereta, au ile inayopulizia mashine tu. Zamani nyuki waliingia nyumbani kwetu. Babu yako akafunga mlango, akajaza moshi nyumba nzima. Mara mlango ukafunguka, akatoka baba mkwe wangu na blanketi kichwani, anakohoa na kutukana, nyuki nyuma yake! Kumbe alikuwa amelala. Mpaka leo nacheka.

Umesema fundi wenu husinzia humo, basi chagua ya mashine tu. Mzee aliamshwa na moshi. Gesi yenu humaliza hewa chumbani, na haina hata harufu ya kumwamsha mtu.

Ni mimi bibi yako. Babu ameisoma barua, amenuna.