Mguu Ulivyopumzisha Kidole Gumba

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila kidole gumba changu cha kulia kimegoma. Miaka thelathini kimebonyeza ile pampu ya springi ya kunyonya lehemu iliyoyeyuka kwenye redio za watu, sasa hata kalamu hakishiki. Anayeandika hapa ni mama yako. (Naongeza mwenyewe: na vifungo vya shati namfunga mimi.) Mwisho wa Juni nafunga karakana. Naumia, sikufichi.

Baba

19 Machi

Baba shikamoo, mama shikamoo,

Mimi mzima. Poleni na hicho kidole. Baba, usifunge kwanza! Hapa kiwandani lehemu tunainyonya kwa mota, na wewe unaweza kujiundia. Toa kompresa ya lile friji bovu la uani. Iunganishe na mpira, mpira upitie kwenye chupa ya jemu yenye kifuniko ili lehemu idondokee humo, na mwisho wake uweke kijibomba cha shaba kinachopashwa moto. Swichi iwe ya mguu: pedali ya cherehani ya mama. Mchoro huu hapa.

Binti yako

8 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo, ingawa nimeponea chupuchupu. Mchoro wako haukusema kwamba kompresa ina mabomba mawili. Nikachagua linalopuliza. Kukanyaga pedali tu, lehemu yote ikarukia miwani na kofia yangu. Mama yako kacheka mpaka kakaa chini. (Kweli kabisa. Na pedali yangu naitaka.) Kesho nahamishia mpira bomba la pili.

Baba

2 Juni

Baba shikamoo,

Hamjambo huko? Karibu miezi miwili kimya. Kama umeungua kwa sababu ya mchoro wangu, niambie. Kama umeshafunga, niambie pia. Nitalia kidogo tu.

Binti yako

27 Juni

Mwanangu,

Sote wazima wa afya. Nisamehe, kazi zimenielemea. Naigusa pedali kwa kisigino, lehemu inafyonzwa fyu, hata harufu haibaki. Redio kumi na moja zinanisubiri mezani, na mafundi wenzangu wanakuja kuchungulia wakijifanya wanaomba maji. Nimewaambia ni ubunifu wa binti yangu. Kosa la bomba sikulitaja.

Karakana haifungwi. Gumba limepumzika wiki zote hizi, na asubuhi ya leo nimejifunga vifungo mwenyewe.

Mama yako yuko chumbani anashona kwa pedali mpya niliyomtafutia, wala hajui kama nakuandikia. Huu mwandiko mbovu ni wangu.

Baba