Bwawa la Kapteni

Jumatatu, 3 Machi
Leo Meya kaja mwenyewe. Bwawa jipya la kuogelea wamelipa jina la mume wangu — shujaa wa jeshi la wanamaji, mwenye medali! Na Jumamosi, kadamnasi ya watu, yeye ndiye atakayepiga mbizi ya kwanza. Mzee akajibu eti ni heshima kubwa. Meya kaondoka, mzee kajifungia chooni.
Hajui kuogelea. Siri hii tunaijua wawili tu, mimi na yeye.

Jumatano, 5 Machi
Nimemkuta anazamisha uso kwenye karai. Mazoezi. Kapaliwa! Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Akasema medali ile si haki yake. Vitani, meli iliposhika moto, wenzake walijitosa baharini. Yeye akabaki kwa kuogopa maji, akaifikisha bandarini pamoja na majeruhi waliolala chini. Angejua kuogelea, anasema, angewakimbia.
Miaka yote hii, ndiyo kwanza ananiambia. Nikamwambia alale. Usingizi ukanipaa mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Tumekubaliana atasingizia sikio, daktari kamkataza maji. Kampigia Meya simu: la kushoto. Jioni kaziba pamba la kulia. Mungu wangu, mwanamume huyu!

Jumamosi, 8 Machi
Naandika katika chumba cha kubadilishia nguo, hapa hapa bwawani, mgongo nimeuegemeza mlangoni. Sikio lilikubalika vizuri tu. Balaa ni Meya. Katikati ya hotuba karudi nyuma kidogo, vigae vimelowa — chubwi, na suti yake! Akawa anatapatapa. Wapambe wanatazamana. Mzee wangu akanitupia kofia, akajitosa na viatu.
Maji yakamfika kifuani. Akasimama, akambeba Meya kama gunia la viazi. Watu makofi, shujaa, shujaa. Hawakuona nilichoona mimi. Kabla ya kuruka alinitazama kama mtu anayeaga. Hakujua kina. Ndiye huyu anayejiita mwoga? Nimelia, bado nalia, kamasi hizo.
Sasa mpiga picha anagonga mlango. Anasema hakuwahi kuipata ile picha, Kapteni arudie — upande wa kina kirefu, ndiko kwenye mwanga mzuri. Nimemwambia haiwezekani, mgonjwa wa sikio huyu. Mzee yuko kwenye benchi anakamua soksi, anacheka peke yake. Ananiuliza kama kule kwenye kina kuna ngazi ya kushikilia.