Kamyo ya Harusi ya Riziki

Salamabila

Mama Furaha, muke wangu,

Mume wako anakusalimia kutoka huku mashimoni mwa dhahabu. Mungali wazima hapo Kasongo? Mugongo wako umepoa? Muhogo wa kando ya kisima umekwisha kuutoa, ao nguruwe wameumaliza? Mimi niko, lakini uchovu umeingia mifupani. Mikono inanuka mazuti ya moteri, hata ugali wangu unanuka.

Maneno yako yule muuza chumvi uliyemutuma aliyafikisha mbele ya watu wote, hakupunguza: "Mama Furaha anauliza, wakwe wangojee harusi ya Riziki mpaka wazeeke?" Wakacheka. Kweli, mimi ndiye niliapa kwamba kitinda mimba wangu hataondoka kwetu kwa pikipiki kama gunia la mukaa. Atapanda kamyo, gari zima la mizigo, pamoja na mama zake wote na ngoma nyuma. Sikuapa bure.

Kamyo niliyoipata huku ilikuwa imemezwa na majani nyuma ya mashimo. Patron wangu, yule mufanyabiashara wa Bukavu, alisema ni ya kubeba mbao. Nikamuambia, "Patron, wewe jua dhahabu, chuma uniachie." Nikakwaruza rangi ya mulango kwa kisu: juu buluu, chini nyeupe, chini kabisa ile kijani ya jeshi. Nikaingia chini ya shasi, nikapapasa namba iliyopigwa ndani ya chuma. Magurudumu sita, yote yanavuta. Kamyo ya askari, ndugu ya ile niliyoendesha nikiwa kijana! Fundi mwenzangu Shukrani, mutu wa Uvira, alizunguka akitafuta pa kutilia maji.

"Muzee, wezi wamebeba radiateri!"

"Haikuzaliwa nayo. Moteri hii inapozwa na upepo."

Maniema yote, nani mwingine anajua hayo? Hakuna.

Lakini kuifufua kumenimaliza. Bulo za kukaza vyuma zilikuwa kutu tupu. Tulizipasha moto, tukazipiga, zikakataa, mwisho tukazikata kwa musumeno. Mipira ya freni, ile ya kusimamisha magurudumu, nilichonga mwenyewe kutoka tairi la zamani. Mvua ilinikuta chini yake, nikaugua kifua. Shukrani akasema, "Muzee, rudi kwako, mutoto ataolewa hata kwa baiskeli." Nikamufukuza.

Juma lililopita ikawaka. Wachimbaji walitoka mashimoni kuiona. Patron akaniruhusu nije nayo kwa harusi, nikashika njia ya Kasongo, Shukrani kando yangu. Mbele ya Lusangi tukafika mutoni.

Mama Furaha, daraja haiko. Ile ya chuma niliyovuka zamani na askari ilibaki kichwani mwangu tu. Sasa iko miti mitatu imelazwa pamoja, ya pikipiki na watu wa miguu. Nilishuka nikaikanyaga, ikanesa. Kijana mumoja akavuka na pikipiki, magunia mawili na mbuzi juu, akageuka: "Papa, hiyo meli yako inajua kuogelea?" Nikamutukana mpaka akapotea. Halafu nikaketi chini. Shukrani akashuka kunawa mazuti mutoni, na mimi nilitaka anilaumu, nipate wa kumukasirikia. Kila mutu nilimuambia habari ya moteri. Habari ya njia sikumuuliza hata mumoja.

Lakini mutu asiseme kamyo ilishindwa. Daraja ndiyo ilishindwa. Nafasi ya kugeuza haikuwako, nikairudisha kinyumenyume mbali sana, na sikugusa hata jani. Sasa inabebea Patron mawe.

Basi sikiliza. Waambie wakwe wataje siku. Mutoto wa watu anayemuoa amepoteza mavuno mazima akingojea, kwa ajili ya kinywa changu. Riziki akiondoka kwa pikipiki, aondoke. Na mimi nitakuja kwa pikipiki, nyuma, nimeshika kiuno cha kijana. Siku ikifika na mimi niko bado njiani, musisimamishe kitu. Mudogo wangu amushike Riziki kichwa pale mulangoni, amutemee mate ya baraka kwa jina langu. Nimemupa ruhusa, usibishane naye.

Unisalimie mama mukwe na magoti yake, mudogo wangu huyo mukatekisti, na jirani wetu mushonaji, ambaye atacheka, muache acheke.

Riziki umuambie peke yake, si mbele ya shangazi zake: baba yako amesema, nenda mwanangu.

Ni mimi mume wako, Baba Furaha,
shofere wa kamyo za jeshi.