Maini Mawili ya Mbuzi na Kisu cha Veterineri

Mjini Baraka, Jumamosi. Mvua ya alfajiri imeacha matope barabarani na hewa safi, nami nina furaha isiyolingana na umri wangu.

Niungame mapema: leo nimeosha maini ya mbuzi kwa dripu.

Neema, mtoto wa dada yangu, anamaliza masomo ya uganga wa mifugo. Mada yake ni kupandikiza ini, kulitoa kwa mnyama mmoja na kumwekea mwingine. Kabla ya hapo lazima ini lioshwe damu yote kwa maji baridi ya chumvi, la sivyo linaharibika. Sasa, damu huingia kwenye ini kwa njia mbili: mshipa mnene utokao matumboni, na mwembamba utokao upande wa moyo. Je, kuosha kupitia mnene tu kunatosha, au lazima yote miwili? Profesa wake anaamini mnene unatosha. Alimpa hadi leo jioni aonyeshe tofauti kwa maini ya machinjioni. Akishindwa, atafute mada nyingine.

Mimi ni fundi wa friji. Uganga sijasoma, ila bomba linalovuja nalijua.

Asubuhi tukawa machinjioni. Ini la kwanza halikufika mbali. Papa Veterineri, mkaguzi wa nyama, hupasua kila ini kutafuta minyoo, na hilo alilipasua kabla hatujafunga mrija. Maji yakatoka kila upande.

"Papa, tafazali, acha kwanza tuoshe," Neema akamwomba.

"Mi niko kazini. Minyoo haingojake diploma yako."

Mwishowe akakubali kungoja. Tukachukua maini mengine mawili, moja tukaliosha kwa njia moja, la pili kwa njia mbili. Maji yalitoka mekundu, yakapauka, yakawa meupe. Mama Salima, aliyekwisha kuyanunua akayakaange, akainama.

"Neema, hii ni maini ao ni sabuni? Nani atakula?"

Neema akayageuza, akayalinganisha. Maini yote mawili yalikuwa meupe sawasawa.

Hakuna tofauti.

Machozi yakaanza kumlengalenga Neema. Mimi nikakaza mrija ambao haukuhitaji kukazwa.

Ndipo Papa Veterineri akaja kudai zamu yake. Akapasua kama kawaida, akifuata mirija ya nyongo. Kwenye ini la njia mbili, kuta za mirija zilikuwa safi. Kwenye lile la njia moja, vimishipa vya kuta hizo vilikuwa bado vimejaa damu.

"Hapa hamukuosha," akasema, kama anayekaripia mpishi.

Neema akapiga yowe, akamkumbatia mzee wa watu, naye kisu chake bado kiko mkononi. Kumbe mirija ya nyongo hulishwa na ule mshipa mwembamba. Kwa nje huoni kitu.

"Tonton, umeona? Umeona?" akanigeukia mimi mjomba wake.

Nilikuwa nimeona. Nikainama kukunja mirija ndani ya ndoo yetu.

Picha zikaenda kwa profesa. Jibu lilifika kabla hatujanawa mikono: aendelee na mada yake, ila maini mawili hayatoshi, arudie kwa mbuzi wengi zaidi.

Njiani kurudi Neema alimweleza habari za mirija ya nyongo kila tuliyekutana naye, hadi mama mmoja wa mihogo ambaye hakuuliza kitu. Mimi nilifuata nyuma na ndoo.

Jumatatu tukirudi machinjioni nitaibeba tena. Nimeazimia kulalamika njia nzima, asije akajua ninavyofurahi.